Siku Kumi na Tisa za Kunyamaza

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili nimepewa na daktari wa goti. Kanichoma sindano ya tatu tangu mwaka jana, akanifuta damu kwa pamba, akasema, "Kila jioni uandike limekuuma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Na usiandike uongo, maana goti ni lako, si langu." Leo: nne.

Kurasa ni nyingi na namba ni moja, kwa hiyo nitaandika na mengine. Nina miaka thelathini na minne. Huu ni msimu wangu wa kumi na mbili wa kulipwa kwa kucheza mpira wa kikapu, wa tisa katika timu hii, wa sita nikiwa nahodha. Mazoezi yameanza leo. Ukumbi ni uleule: paa la bati, sakafu ya mbao iliyobonyea karibu na kikapu cha kushoto, na ndoo tatu za plastiki ambazo mlinzi huzipanga mvua ikianza, kila moja chini ya tundu lake. Leo hazikuhitajika. Kulikuwa na joto, tumetoka mle kama nguo zilizotoka kwenye beseni.

Kiberiti amerudi kutoka likizo na kasi mpya. Tunamwita hivyo kwa sababu ana umbo dogo na huwaka upesi. Ana miaka ishirini na moja na anacheza nafasi yangu, ya mchezeshaji, yule anayeupandisha mpira na kuamua nani aupate. Mwaka jana alikuwa akinipokea nikichoka. Leo kanipita mara nne. Mara ya nne aligeuka akasema, "Samahani, dada," na alisema kwa moyo mweupe. Heri angenicheka.

Jumatano, 8 Januari

Mbio za ngazi. Goti: tano.

Ijumaa, 10 Januari

Kocha kaniita stoo ya mipira. Yeye na mimi tulicheza pamoja misimu mitatu kabla hajashika filimbi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimepinda: alivivunja kwenye fainali, akavifunga plasta, akamaliza mechi. Kila mwaka huwasimulia wageni habari hiyo, na kila mwaka mimi huitikia kwa kichwa kama shahidi.

"Kiberiti ataanza," kasema.

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, umekubali tu. Kaa."

Nikakaa juu ya gunia la mipira. Akaniambia nitamaliza msimu huu nikiwa nahodha, na msimu ujao nitakaa naye benchi kama msaidizi wake. Ameshaongea na meneja. "Ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Yule mtoto umlee. Kila unachokijua, mpe."

Nikasema sawa, na asante juu. Nyumbani nimemweleza mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu. Akasema angalau msaidizi wa kocha hachomwi sindano za goti. Nikacheka naye. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikakaa humo muda mrefu kuliko mtu anayeoga.

Jumamosi, 18 Januari

Mechi ya kwanza. Tumeshinda. Kiberiti pointi ishirini na mbili. Mimi dakika sita, watu wameshaanza kuinuka kwenda nyumbani.

Baadaye alinibebea begi hadi getini. Kanieleza kwamba mama yake, mshona sare za shule, amekata picha yake gazetini na kuibandika ukutani juu ya cherehani. "Na yako ipo, dada. Ile ya zamani."

Jumatano, 22 Januari

Mvua ya kwanza. Ndoo zote tatu. Goti: tatu.

Jumamosi, 25 Januari

Tumeshinda. Mimi dakika nne. Goti: mbili. Halina kazi ya kuliumiza.

Jumatano, 29 Januari

Meneja ametangaza kwamba tarehe 22 Februari wakala wa klabu moja ya nje atakuja kumtazama Kiberiti. Wenzetu wakampigia makofi. Na mimi nilipiga, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu.

Jumatatu, 3 Februari

Tulikuwa kwenye zoezi la kubana. Mimi na mpira, Kiberiti mbele yangu. Alinipokonya mara mbili mfululizo, na wasichana walioketi pembeni wakacheka. Mara ya tatu nilisikia pumzi yake begani. Niligeuka, kiwiko kikiwa juu.

Wachezaji wote hugeuka na kiwiko. Refa akiwa mkali atapuliza, asipokuwa mkali mchezo unaendelea. Nimefanya hivyo mara mia. Lakini daktari kasema nisiandike uongo, basi naandika: nilijua kichwa chake kiko wapi.

Kilimpata juu ya sikio. Alianguka kama koti linaloanguka msumarini, bila kujikinga kwa mikono. Baada ya kitambo, labda hesabu ya kumi, akafumbua macho, akatazama huku na huku, akacheka. Mchua misuli wa timu, ambaye ndiye daktari wetu siku zote tusizokuwa na daktari, alimwekea barafu akamwuliza leo siku gani.

"Jumatatu."

"Na wewe nani?"

"Kiberiti."

Kila mtu akacheka, na matibabu yakaishia hapo. Nikamwomba radhi. "Mambo ya mpira hayo, dada," kasema.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliniuliza kama leo tuna mechi. Nikamwambia hapana, yalikuwa mazoezi. Akavaa kiatu kimoja. Akakaa nacho. Akaniuliza tena kama leo tuna mechi.

Goti: sikulisikiliza.

Alhamisi, 6 Februari

Kocha alikunja ngumi juu, ishara ya mpango ambao Kiberiti anaujua hata usingizini. Akakimbilia upande usio wake. Mara ya pili vilevile. Kocha akamfokea mbele ya wote. "Nimechoka tu, Kocha," kasema, na kweli alionekana mchovu, macho yamezama ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Mechi ya ugenini. Safari ya saa tano kwa basi, na muda wote Kiberiti alikuwa amejifunika koti kichwani.

Hotelini tulipangiwa chumba kimoja. Ilikuwa saa saba mchana. Alipoingia tu alivuta pazia, kisha akachomeka taulo mahali palipokuwa panaingiza mwanga. Akaenda kutapika. Alifungulia bomba ili nisimsikie, lakini kuta za pale nyembamba kama karatasi.

"Hali hii imeanza lini?" nikamwuliza alipotoka.

"Chakula cha njiani."

"Hukula njiani."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, viganja machoni. "Mwanga unaniuma. Na kichwani kuna mlio, kama wa friji. Utapita."

"Tumwambie Kocha."

"Baada ya tarehe ishirini na mbili."

"Kichwa hicho, si kidole."

"Dada." Alisema taratibu, bila hasira. "Nikikaa nje, nani anaanza?"

Nikaokota koti lake, nikalikunja.

"Mimi najua huna nia mbaya. Wengine je? Kiwiko kilikuwa chako. Nafasi ilikuwa yako. Leo uende kwa Kocha useme mimi ni mgonjwa. Watasema nini?"

Ningependa kuandika kwamba alikuwa ananitisha. Hapana. Alikuwa ananionea huruma, kwa sauti ileile ya "samahani, dada". Na alikuwa amegusa penyewe. Tangu Jumatatu nilikuwa nawasikia wakisema hayo, kabla hata hawajayasema.

"Niapie," kasema.

Nikaapa.

Jioni alicheza dakika thelathini na moja na kupata pointi kumi na nane. Robo ya tatu ilipoisha alitembea moja kwa moja akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, ukidhani ni utani. Akainuka, akawapigia saluti, akafanya kweli uwe utani. Mimi peke yangu ndiye niliyeona alivyowatazama kwanza zile jezi, akijaribu kukumbuka ni za nani.

Jumapili, 9 Februari

Mume wangu alikuwa uani, kichwa ndani ya jokofu la mteja. Nikamweleza yote.

"Mwambie Kocha," kasema.

"Watasema nina wivu."

"Kwani huna?"

Nikamshikia mlango wa jokofu.

"Basi kamwambie ukiwa na wivu wako," kasema, akaomba bisibisi.

Nimemnunia siku nzima. Goti: tatu.

Jumatano, 12 Februari

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, ingawa kwa kuzunguka. Nilipokuwa nimelala mezani mchua misuli akinikanda goti, nilimwuliza mtu aliyepigwa kichwani hupumzika siku ngapi.

"Nani huyo?"

"Nauliza tu."

Akacheka. "Nahodha, nawe. Mwache mtoto acheze. Zamu yako umeimaliza vizuri, usiharibu mwishoni."

Hakunisema kwa ubaya. Alinipiga kofi dogo la begani, akaenda kunawa mikono. Nilibaki pale mezani uso unawaka. Ningeweza kusimama na kusema jina. Badala yake nilivaa soksi.

Jumamosi, 15 Februari

Tumeshinda. Kiberiti pointi tisa. Wakati wa mapumziko alishika ukuta njia nzima hadi chooni. Mvua.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwandikia Kocha ujumbe kwenye simu: "Kiberiti haoni vizuri." Nimeusoma. Nimeufuta. Goti: mbili.

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimemwona Kocha anaona. Kiberiti alidondosha pasi tatu rahisi, na Kocha, badala ya kumfokea, akasimamisha mazoezi. Akamvuta pembeni, mbali na mlango wenye jua. Akamshika kidevu, akamwangalia jicho moja, kisha la pili. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, wala si mimi niliyesema.

Kocha akatoa vidonge mfukoni, viwili, akampa na maji. "Jumamosi tu," nilimsikia akimwambia. "Baada ya Jumamosi utalala wiki nzima ukitaka."

Nilitua mzigo, naandika hivyo kwa aibu. Kama Kocha anajua, nilijiambia, basi si juu yangu tena.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua ilianza kabla ya mechi. Juu ya lile bati ilikuwa inapiga hata filimbi isisikike vizuri. Wakala alikaa safu ya mbele, mtu mpole mwenye kalamu mbili.

Kiberiti alianza vizuri ajabu. Pointi kumi na moja katika robo mbili. Mama yake alikuja, amekaa karibu na mlango, mkoba magotini. Nilimtambua kwa sababu anacheka kwa mabega kama binti yake.

Robo ya tatu, dakika ya tatu. Kiberiti aliingia katikati, mlinzi wa wapinzani akamgusa kwa bega, wakaanguka pamoja. Ni kitu kidogo. Kichwa chake kiligonga sakafu kama mtu anavyogonga mlango wa jirani. Refa hakupuliza. Akainuka mwenyewe, akapiga hatua tatu, akageukia benchi, akanitafuta mimi. Jicho lake moja lilikuwa jeusi lote, mboni imelijaza. Akafungua mdomo kuniambia kitu. Kisha miguu ikaondoka.

Nilifika wa kwanza. Mikono yake ilikuwa imekakamaa. Nilimwita kwa jina lake halisi, ambalo sijawahi kulitumia. Mchua misuli alipiga magoti na barafu yake, akaitazama, akaiweka chini. Gari la wagonjwa lilichukua dakika ishirini kufika. Mama yake hakulia. Alimvua viatu, akavishika mkononi, akaingia navyo garini.

Mlinzi wa ukumbi alipiga deki pale alipokuwa ameanguka. Refa akaja akasema ratiba ni ratiba, mechi iendelee. Kocha akanigeukia, uso kama majivu.

"Ingia."

Niliingia. Haya ndiyo yanayoniwia vigumu kuandika kuliko yote: nilicheza vizuri. Dakika kumi na saba, pointi kumi na nne. Mikono yangu ilikuwa na akili zake, miguu na akili zake, na goti, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, halikuwepo kabisa. Tulishinda. Mwishoni wakala alimwuliza meneja nina miaka mingapi.

Jumapili, 23 Februari

Wamemfungua fuvu kupunguza uvimbe. Bado hajaamka.

Mama yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki koridoni. Aliponiona aliinuka akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye dada yake," kasema. "Kila siku ananiambia, mama usihofu, dada ananiangalia. Ahsante, mwanangu."

Nikamwuliza kama amekula.

Jumanne, 25 Februari

Meneja alikusanya timu yote ofisini kwake. Mezani kulikuwa na karatasi moja, imeshachapwa. Inasema sisi tuliosaini tunathibitisha kwamba kabla ya mechi ya tarehe 22 mchezaji hakuonyesha wala kueleza dalili yoyote ya kuumwa.

"Ni utaratibu tu wa bima," kasema meneja. "Nahodha, anza wewe."

Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa kifuniko. Nilimtazama Kocha. Alikuwa anatazama dirishani. Nikasaini. Wenzangu wakafuata mmoja mmoja, wakiweka sahihi zao chini ya yangu.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeanza. Tumeshinda. Goti: sita.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza. Tumeshinda. Goti: saba. Gazeti limeandika "Nahodha Afufuka". Mume wangu kalitandika chini ya jokofu linalovuja mafuta.

Jumatano, 12 Machi

Kiberiti amefumbua macho. Wauguzi wanasema anafuata kidole.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda hospitali. Amenyolewa, kovu limezunguka kama mshono wa begi. Mkono wa kulia umelala tu. Alinitazama muda mrefu kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa wazazi wake.

Mama yake alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Daktari ameniambia kitu kinachoninyima raha," kasema. "Anasema pigo lile la Jumamosi lilikuwa dogo. Anasema ubongo ulikuwa umeshaumia kabla, labda wiki mbili tatu nyuma. Wewe ulikuwa naye kila siku. Ulimwona ameanguka popote?"

Watu walikuwa wanapanda na kushuka. Nikasema, "Mama, mazoezini watu huanguka sana."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni mimi. Jumapili moja alikuja nyumbani akasema kichwa kinamwuma, hataki kula. Nikamgombeza. Nikamwambia amelewa sifa, chakula changu hakimtoshi tena. Akaenda kulala. Mimi ndiye mama yake, nilikuwa na macho, na nilikuwa namgombeza."

Nimeshuka ngazi zile bila kuhisi goti. Nimeteremka hadi ghorofa ya chini, nimepita mlango, nimefika barabarani, ndipo nikagundua nimeacha mwavuli na kwamba nimelowa.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala. Mazoezi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeanza. Tumeshinda. Goti: saba.

Jumamosi, 29 Machi

Nusu fainali. Nimeanza. Tumeshinda kwa pointi moja. Mtupo wa mwisho ulikuwa wangu. Wamenibeba juu juu, na huku juu, karibu na bati, nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Goti: nane.

Jumatano, 2 Aprili

Wamemruhusu kwenda nyumbani. Chumba kimoja na nusu, cherehani karibu na dirisha, magunia ya sare za kijani kila mahali. Picha bado ziko ukutani, yake na ile yangu. Kitanda chake kimesogezwa karibu na mashine ili mama ashone huku anamwona.

Maneno yanamponyoka. Kijiko anakiita "kile cha mdomo". Mimi alinijua leo, au alijifanya. Aliniuliza kama leo tuna mechi.

Mama alimwinua kumbadilishia shuka. Ni mwembamba, na binti, pamoja na kukonda kote, ni misuli mitupu. Walianguka wote wawili kitandani. Mama akacheka kidogo, akasema, "Huyu amekuwa gunia la saruji," kisha akageukia dirisha akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Jumatatu, 7 Aprili

Baada ya mazoezi nilimfuata Kocha stoo ya mipira.

"Ulijua," nikamwambia. "Ile Alhamisi. Ulimwangalia macho."

Alikuwa anaupima mpira upepo kwa kidole gumba. Hakuinua kichwa. "Nilijua. Na wewe ulijua kabla yangu. Nilikuona unavyomtazama, wiki mbili nzima. Nikasema moyoni, nahodha akiona hatari atasema."

"Mimi nikasema Kocha akiona atamtoa."

"Ndiyo hivyo." Akaurudisha mpira guniani, akachukua mwingine. "Mimi nilicheza na vidole vimevunjika. Hakuna aliyenitoa. Nilidhani ndivyo inavyofanyika." Akaubonyeza ule mpira. "Fainali Jumamosi. Baada ya hapo mkataba wako wa usaidizi uko tayari. Wewe na mimi tutaelewana benchi moja. Hakuna wa kumlaumu mwenzake."

Miaka yote nilikuwa namwona mwanamke huyu kama ukuta. Leo nilimwona mtu anayezeeka ndani ya stoo, anayetafuta wa kukaa naye. Nilimwonea huruma, na nilijua nikikubali kukaa naye pale, baada ya miaka kumi nitakuwa nampa mtoto wa mtu vidonge viwili na maji.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeandika barua kwa kamati ya ligi. Kurasa mbili. Nimetaja kiwiko, hoteli, benchi la wapinzani, vidonge, ile karatasi ya meneja na sahihi yangu iliyo juu ya zote. Sikumtaja Kocha zaidi ya nilivyojitaja mwenyewe. Mume wangu kaisoma, kasahihisha neno moja, kaipeleka mwenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Meneja kanipigia simu. Jezi yangu niirudishe kwa mlinzi, na mkataba ule nisiuulizie. Wenzangu wawili wamenitumia ujumbe. Mmoja wa matusi. Mwingine, yule anayecheza chini ya kikapu, kaandika: "Na mimi nilimwona anashika ukuta." Basi.

Goti: sita, wala sijakimbia.

Jumamosi, 12 Aprili

Fainali ilikuwa saa kumi. Saa kumi nilikuwa mlangoni kwa mshona sare.

Kiberiti alikuwa amelala. Mama alikuwa anapinda ukosi, mguu kwenye pedali. Nikamwambia naomba azime mashine. Akaizima. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yakanipotea.

"Siku ile aliyokataa chakula, hukukosea wewe," nikasema. "Alikuwa ameshaumia. Ni mimi niliyempiga. Mazoezini, kwa kiwiko. Tarehe tatu Februari."

Akauchomoa ule ukosi kwenye mashine.

"Nikajua anaumwa. Aliniambia mwenyewe. Nikaapa sitasema, na sikusema."

"Kwa nini?"

"Niliogopa wataona naitaka nafasi yangu."

"Ulikuwa unaitaka?"

"Ndiyo."

Alitazama ule ukosi mikononi mwake. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, nikadhani anasali. Alikuwa anahesabu.

"Siku kumi na tisa," kasema.

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama." Hakupaza sauti. "Ulikuja hospitali. Nilikushika mikono. Nikakuuliza pale kwenye ngazi, ukanitazama usoni, ukaniacha nilale na kuamka nikijua nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu."

Akainuka. Akaenda ukutani, akabandua ile picha yangu ya zamani, taratibu, gundi isichubue rangi. Hakuichana. Alinipa mkononi.

"Toka."

Nilitoka. Kwenye kibanda cha pembeni watu walikuwa wanasikiliza fainali redioni. Tumeshinda. Sijui kama bado naweza kuandika "tumeshinda".

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna.

Alhamisi, 17 Aprili

Kamati imemwita Kocha na mchua misuli. Na mimi nimeitwa, tarehe 28. Mtaani mtu kanitemea mate karibu na kiatu. Mwingine kanipa pole. Sikujua nimjibu nini yeyote kati yao.

Jumatatu, 28 Aprili

Mbele ya kamati nimeongea saa moja na nusu. Kocha alikaa upande wa pili, mikono mapajani. Walipomwuliza kama ni kweli, alisema ni kweli. Amefungiwa misimu mitatu. Mimi mmoja, ambao hata hivyo nisingeucheza. Nje alinipita bila salamu, kisha akarudi hatua mbili akasema, "Lile goti ulipumzishe," akaenda zake.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekatika. Simu imeita saa nane mchana, namba nisiyoijua.

"Jirani aliyekuwa ananisaidia kumwinua ameumia mgongo," sauti ikasema. Nikaitambua. "Daktari anataka atembezwe kila asubuhi. Mimi peke yangu namwangusha. Wewe una nguvu."

"Nitakuja."

"Saa tatu. Sijakusamehe, usije ukadhani."

"Sidhani."

Akakata.

Jumatatu, 5 Mei

Nilifika saa tatu kasoro robo, nikasubiri nje hadi saa tatu.

Mama hakunikaribisha kiti. Alinionyesha kazi kama anavyoweza kumwonyesha mfanyakazi mpya: mkono huu chini ya kwapa, huu kiunoni, goti lako liweke mbele ya goti lake ili lisikunjike. "Usimvute. Mpe bega, atakuja mwenyewe." Kisha akarudi kwenye mashine, akatupa mgongo.

Kiberiti alinilalia uzito wote. Kichwa chake kilikuwa shingoni kwangu, nywele zimeanza kuota juu ya kovu, zinachoma. Goti langu lililia nane, kisha tisa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakokota kandambili. Kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na moja. Tulitumia muda ambao zamani angeuvuka uwanja mbio mara thelathini.

Tulipougusa mlango alikuwa amelowa jasho. Nikamwambia apumzike, imetosha kwa leo.

Alitafuta neno. Niliona anavyolitafuta, macho juu, mdomo ukilipima. Cherehani nyuma yetu ilikuwa imenyamaza.

"Tena," kasema.

Tukageuka.